Soketi Mbili za Mwaka 2017

Swali linaloletwa kwenye kipindi hiki kuliko jingine lolote ni fupi: ninunue kompyuta sasa, au nisubiri ile inayosemwa kwamba inakuja? Anayeuliza huwa ni mwanafunzi wa chuo aliyechangiwa na wajomba na shangazi zake, au mwenye steshenari anayewachapia watu barua, au kijana anayehariri video za harusi. Hawa hawabadilishi kompyuta kila mwaka. Wakishanunua, wamenunua kwa miaka sita, saba, pengine zaidi. Kwa hiyo nalichukua swali lao kwa uzito wake, na kulijibu nitaanzia mahali ambapo wauzaji wengi hawapazungumzii kabisa: kwenye soketi, yaani kile kikalio kilicho juu ya bodi kuu ambamo prosesa hukaa.

Turudi nyuma hadi Januari 2017. Mwezi ule Intel ilitoa prosesa za kizazi cha saba kwa kompyuta za mezani, pamoja na bodi kuu mpya za kuzipokea. Zile za daraja la juu ziliitwa Z270. Tarehe 2 Machi mwaka huohuo AMD, ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa imeachwa nyuma sana, ikarudi sokoni na prosesa za Ryzen, zinazokaa kwenye soketi iitwayo AM4. Tuseme ndugu wawili walinunua kompyuta majira yale, mmoja ya Intel na mwingine ya Ryzen. Wote wawili walipata mashine nzuri. Kwa michezo, yule wa Intel huenda alipata iliyo bora zaidi siku ile.

Mwaka haukuisha. Tarehe 5 Oktoba 2017 Intel ikatoa kizazi cha nane, na prosesa zake za i7 za mezani zikapanda kutoka viini vinne hadi sita. Soketi kwa macho ilikuwa ileile, LGA1151, yenye idadi ileile ya miguso. Prosesa mpya ukiiweka juu ya bodi ya Januari, inakaa vizuri kabisa, lakini kompyuta haiwaki, kwa sababu mpangilio wa miguso ya umeme ulibadilishwa na Intel ikataka bodi za mfululizo mpya wa 300. Ndugu wa Intel, hata kama alinunua bodi ya daraja la juu, alikuwa amefika mwisho wa njia kwa miezi tisa.

Yule wa AM4 njia yake iliendelea. Mwaka 2018 zilikuja prosesa za mfululizo wa 2000, mwaka 2019 za 3000. Mei 2020 AMD ilitangaza kwamba mfululizo uliokuwa unafuata hautakubalika kwenye bodi za zamani, ikieleza kwamba chipu ya bodi hizo inayohifadhi BIOS, yaani programu ya kuiwasha kompyuta, nyingi zikiwa na megabaiti 16 tu, haina nafasi ya kubeba maelezo ya prosesa zote. Wateja hawakunyamaza. Walipaza sauti kila mahali, na katika muda wa wiki mbili kampuni ikageuza uamuzi wake kwa bodi za 400. Mwaka 2022 hata zile za kwanza kabisa, za 2017, zikaruhusiwa, na Aprili 2022 ikatoka Ryzen 7 5800X3D, prosesa iliyokuwa miongoni mwa zilizo bora kabisa duniani kwa michezo. Mtu aliweza kuiweka juu ya bodi aliyoinunua miaka mitano nyuma, baada ya kusasisha BIOS. Sijui kisa kingine cha kompyuta za mezani za siku hizi kinachonifurahisha kuliko hiki, kwa kuwa mnunuzi wa kawaida alitendewa haki, na sehemu ya haki hiyo aliidai mwenyewe.

Hadithi haikuishia hapo. Tarehe 5 Oktoba 2021 Microsoft ilitoa Windows 11 na kuchora mstari wa prosesa inazozikubali. Upande wa Intel, isipokuwa prosesa chache mno, mstari unaanzia kizazi cha nane. Upande wa AMD unaanzia mfululizo wa Ryzen 2000. Mashine zote mbili za ndugu zetu, za mwanzoni mwa 2017, zikabaki nje. Kisha Windows 10 nayo ikafikia mwisho wa msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025. Ndugu wa AM4 alihitaji kununua prosesa moja tu, hata ya mtumba, na kuipachika mahali pa ile ya kwanza. Ndugu wa Intel alihitaji prosesa na bodi mpya, na kama bodi hiyo ni ya siku hizi, basi na RAM mpya pia, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwa sababu RAM ya zamani ya DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5 ya sasa.

Nawaombeni mlitazame jambo moja katika kisa hiki. Mwaka 2017 hakuna aliyeweza kukisia mstari wa Windows 11, wala ile 5800X3D. Lakini AMD ilikuwa imesema hadharani kwamba soketi ya AM4 itaendelea hadi 2020. Na Intel, kwa miaka iliyotangulia, ilikuwa na mazoea yanayojulikana ya kubadilisha bodi kila baada ya vizazi viwili hivi. Hizo ndizo habari zilizokuwa na thamani siku ya kununua: ahadi iliyotolewa wazi na mazoea yanayoonekana. Yaliyobaki yote yalikuwa ni kukisia.

Na kukisia kuko kwa aina nyingi, hakufai kutiwa kapu moja. Habari ninazoziamini zaidi kuhusu prosesa zijazo hutoka kwenye msimbo wa mfumo endeshi wa Linux. Wahandisi wa Intel na AMD hupeleka msimbo wa kuiwezesha Linux kuitambua prosesa mpya miezi mingi kabla haijafika dukani, na msimbo huo uko wazi kwa yeyote mwenye uwezo wa kuusoma. Mhandisi hapotezi wiki zake kuandikia kitu ambacho hakipo. Zinafuata nyaraka za mamlaka za serikali: Apple, kwa mfano, imewahi kusajili namba za modeli zake kwa Tume ya Uchumi ya Eurasia kabla ya kuzitangaza, na wafuatiliaji wakazisoma. Namba hazikwambii mashine itakuwaje, ila zinaonyesha kuwa kitu kinakaribia. Matokeo ya vipimo yanayoonekana kwenye kanzidata ya Geekbench yako chini ya hapo, maana huweza kughushiwa. Mwisho kabisa yuko mtu kwenye video anayesema ameambiwa na chanzo chake. Huyo hulipwa kwa kutazamwa, awe amepatia au amekosea.

Hata uvumi wa kweli unaweza kukugharimu. Aprili 2018 shirika la habari la Bloomberg liliandika kwamba Apple inapanga kuachana na prosesa za Intel na kutumia zake kuanzia 2020. Ilikuwa kweli tupu: Novemba 2020 chipu ya M1 ilitoka, na ilistahili kusubiriwa. Lakini aliyesoma habari ile na kuamua kusubiri alikaa zaidi ya miaka miwili na nusu bila mashine ya kufanyia kazi. Mwanafunzi anakuwa amekwisha kuhitimu.

Na ratiba za kampuni zenyewe si hakika. Intel ilikuwa na mpango wa kutengeneza prosesa kwa teknolojia ya nanomita 10. Julai 2015 ikasema itachelewa hadi nusu ya pili ya 2017. Zilizotoka kwa wingi zilikuja 2019, nazo ni za laptopu. Za mezani zilisubiriwa hadi mwishoni mwa 2021. Kama kampuni kubwa kiasi kile, yenye viwanda vyake yenyewe, ilikosea kwa miaka, basi tarehe ya mtu wa video tuipe uzito gani?

Kampuni nyingine huchagua kunyamaza, na zina sababu. Mwaka 1981 Adam Osborne alitoa kompyuta ya kubebeka, Osborne 1, iliyouzwa dola 1,795 na kupata wateja wengi. Mapema 1983 habari za mashine yake iliyofuata zilianza kuenea kabla haijawa tayari, na wanunuzi wakaacha kuinunua iliyopo. Septemba mwaka huo kampuni ilifilisika. Ushindani wa kompyuta za Kaypro na uendeshaji wa fedha wa Osborne mwenyewe vilichangia, lakini wafanyabiashara walilichukua funzo la kwanza tu: usitaje kijacho. Ukimya huo ndio unaozaa uvumi mpaka leo.

Sasa tuje kwenye laptopu, maana wengi mnanisikiliza mkiwa na laptopu, si kompyuta ya mezani. Kwenye laptopu nyingi za siku hizi prosesa hulehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, kwa hiyo tuisahau. Yanayobaki ni RAM, diski na betri. Hapa kuna mabadiliko yanayonisikitisha. Juni 2012 Apple ilitoa MacBook Pro yenye skrini ya Retina ambayo RAM yake ilikuwa imelehemiwa, na watengenezaji wengine wakafuata kwa mashine zao nyembamba. Sababu za kiufundi zipo na ni za kweli: kumbukumbu iliyo karibu na prosesa, yenye njia fupi, huenda kasi zaidi na kula umeme mdogo, na betri hudumu. Kwenye M1 kumbukumbu iko ndani ya kifurushi kimoja na chipu. Lakini anayelipia sababu hizo ni mnunuzi. Mac nyingi ziliendelea kuanzia RAM ya gigabaiti 8 hadi Oktoba 2024, ndipo kima cha chini kikawa 16. Aliyenunua ya 8 mwezi mmoja kabla atabaki na 8 hadi siku atakayoiacha mashine.

Mnapopita mitaani mnaona nyumba ambazo mwenyewe ameacha nondo zikichungulia juu ya nguzo, kwa sababu fedha za ghorofa hazijapatikana lakini nia ipo. Kompyuta ya mtu wa kipato cha kawaida inapaswa kujengwa hivyo. Fedha alizonazo leo zinatosha gigabaiti 8. Mwakani, Mungu akipenda, ataongeza. Kuilehemu RAM ni kuzikata nondo.

Kuna dawa inayokuja polepole. Wahandisi wa Dell walibuni moduli bapa ya kumbukumbu, ikawa msingi wa kiwango kipya cha shirika la JEDEC kilichotangazwa Desemba 2023. Aina yake iitwayo LPCAMM2 hutumia kumbukumbu ileile ya kasi na umeme mdogo, lakini hufungwa kwa skrubu, kwa hiyo inafunguka. Mwaka 2024 Lenovo iliiweka kwenye ThinkPad P1 ya toleo la saba, mashine ya bei kubwa. Naitazama kwa matumaini yenye mpaka. Framework, kampuni iliyojengwa juu ya wazo la kompyuta inayofunguka, ilipotangaza kompyuta yake ya mezani Februari 2025 iliilehemu RAM, ikieleza kwamba pamoja na AMD walijaribu njia ya moduli na mawasiliano ya chipu yake ya AMD hayakustahimili. Kama hao wameshindwa kwa chipu moja, tusitarajie wengine wote wafungue kesho.

Sasa, soko letu. Mashine nyingi zinazonunuliwa Kariakoo au Luthuli Avenue ni za mtumba: ThinkPad, EliteBook na Latitude zilizotumika kwenye ofisi za Ulaya, Marekani na Ghuba. Kwa maoni yangu hizi mara nyingi ni ununuzi bora kuliko laptopu mpya ya bei ya chini, kwa kuwa zilijengwa kwa ajili ya mafundi wa kampuni wanaozifungua. Lakini kadiri ofisi hizo zinavyoziondoa mashine zisizokubali Windows 11, ndivyo zinavyotufikia sisi, na mstari wa kizazi cha nane unapita katikati ya rafu za duka. Muuzaji atakwambia, “Hii ni Core i5.” Hajakwambia umri. Jina la i5 limetumika tangu 2009. Soma namba inayofuata kistari: i5-7300U ni kizazi cha saba, haikubali Windows 11; i5-8350U ni cha nane, inaikubali. Ukikuta i5-10210U, soma tarakimu mbili za mwanzo: hicho ni kizazi cha kumi. Zisome kwenye skrini ya kompyuta yenyewe ikiwa imewashwa, usitegemee kibandiko, maana kibandiko hubandikwa na mtu. Modeli moja huweza kutoka kiwandani na prosesa tofauti, kwa hiyo jina la modeli nalo halitoshi.

Herufi moja pia ina maana. ThinkPad T480 ina nafasi mbili za RAM, na betri yake ya nyuma unaichomoa kwa mkono. T480s, nyembamba kidogo, ina RAM iliyolehemiwa na nafasi moja ya kuongeza. X1 Carbon haina nafasi hata moja. Mezani zinafanana. Ukiwa dukani bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa utendaji, kisha kumbukumbu. Windows itakuonyesha nafasi ngapi zimetumika kati ya ngapi. Ni sekunde chache, na muuzaji mwaminifu hatakukataza.

Kuhusu RAM, ushauri wa zamani umegeuka. Kwa miaka mingi tulikuwa tunasema: nunua kidogo, subiri, bei itashuka. Kuanzia miezi ya mwisho ya 2025 bei zilipanda kwa kasi, kwa sababu kampuni tatu zinazotengeneza sehemu kubwa ya kumbukumbu duniani, Samsung, SK Hynix na Micron, zinaelekeza viwanda kwenye kumbukumbu za seva za akili bandia, ambako faida ni kubwa zaidi. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaacha biashara ya Crucial kwa wateja wa kawaida, jina ambalo mafundi wengi wanalijua. Wapo wanaotabiri lini bei itarudi chini; mimi sitatabiri. Nasema tu: kama mashine yako ina nafasi wazi na unahitaji RAM, usiiahirishe kwa tumaini la punguzo. Na laptopu iliyokufa nyumbani usiitupe bila fundi kuitoa RAM yake. DDR4 iliyomo inaweza kuingia kwenye mashine nyingine ya rika lake.

Kabla ya hayo yote, fungua na usafishe. Feni iliyojaa vumbi huifanya prosesa ijipunguzie kasi ili isiungue, na mtu hudhani kompyuta imezeeka. Kisha tazama diski. Kama bado ni ya kuzunguka, hapo ndipo penye manufaa makubwa kuliko popote. Diski ya kawaida ya laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kila unapofungua faili mkono wake lazima usogee na kungoja sehemu iliyotakiwa ifike chini yake. Hiyo ni milisekunde kumi na zaidi kila safari, na kuwasha Windows kuna safari maelfu. SSD haina mkono wala kuzunguka, hujibu kwa takribani sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Hakuna prosesa mpya itakayokupa tofauti hiyo kwa fedha kidogo namna hiyo. Nakili mafaili yako kwanza, fundi asiguse kitu kabla.

Mwenye mashine ya kizazi cha saba au cha sita inayofanya kazi vizuri, asikimbilie kuiuza kwa hasara. Microsoft imetoa masasisho ya ziada ya usalama ya Windows 10 kwa watu binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft. Baada ya hapo ipo Linux. Kwa anayeandika barua, kutumia intaneti na kutuma barua pepe, Linux Mint itamtosha, na mashine yenye RAM ya gigabaiti 8 na SSD itaibeba bila taabu. Mwenye programu ya uhasibu au ya kuhariri inayodai Windows, huyo ndiye wa kuanza kutafuta kizazi cha nane au zaidi, na aanze sasa.

Neno la mwisho ni kwa nyinyi wenye maduka, nanyi naamini mnasikiliza. Kibandiko cha bei kinachosema “i5, RAM 8, SSD 256” kimeficha mengi kuliko yaliyoandikwa. Ongezeni mambo matatu kwa kalamu: namba kamili ya prosesa, nafasi za RAM ni ngapi na ngapi ziko wazi, na betri imebaki na uwezo kiasi gani ukilinganisha na ilivyotoka kiwandani. Windows hutoa ripoti ya betri kwa amri moja tu, powercfg /batteryreport. Na wewe mnunuzi, ukifika kwenye duka lisilo na kibandiko hicho, waulize mambo hayo matatu kwa sauti, ili na mteja aliye nyuma yako asikie.